Nitakuja au Sitakuja: Hotuba kuhusu Shimesikio

Hotuba hii kuhusu shimesikio, yaani kifaa cha kusaidia kusikia, ilitolewa na mpimaji wa masikio mjini Tanga tarehe 3 Machi, Siku ya Usikivu Duniani, mbele ya wazee, wazazi na walimu.

Ndugu mgeni rasmi, wazee wangu, mama zangu, walimu, wazazi mliokuja na watoto, na ninyi vijana mliokaa nyuma: shikamooni, hamjambo, asalaam aleikum. Itifaki imezingatiwa. Mkalimani wa lugha ya alama yuko kulia kwangu, wanaomhitaji wasogee mbele waione mikono yake vizuri. Nami nitazungumza polepole nikiwatazama usoni, kwa sababu najua humu ukumbini wapo wengi wanaonisikia kwa macho kuliko kwa masikio.

Nianze na chakula kilichopoa.

Jumapili moja, miaka kadhaa iliyopita, mama yangu alipika wali wa nazi na samaki wa kupaka, akaandaa mkekani, akafunika kawa, kisha akakaa barazani kunisubiri. Ijumaa yake nilikuwa nimempigia simu nikamwambia, "Mama, Jumapili sitakuja, nina zamu." Yeye alisikia, "Jumapili nitakuja." Akanisubiri mpaka magharibi. Jioni nilipompigia kumjulia hali, hakunigombeza. Aliniuliza tu, kwa sauti ya mtu aliyejifikiria kutwa nzima, kama kuna neno baya alilonitamkia hata nikaamua kutokuja.

Wakati huo nilikuwa nimeshaanza kazi hii. Nilikuwa nikipima masikio ya mama za watu wengine.

Tazameni tofauti ya maneno yale mawili. Sitakuja, nitakuja. Katika lugha yetu, ndiyo na hapana zimetenganishwa na konsonanti moja, na konsonanti yenyewe ni S, sauti nyembamba kama mlio wa mbu. Simu za kawaida, kwa jinsi zilivyoundwa, hukata sehemu kubwa ya sauti nyembamba kama hiyo. Mtu mwenye masikio mazima haoni tabu, ubongo wake unalijaza pengo. Mama alikuwa amepoteza S hata kabla simu haijaikata.

Sasa tufanye jaribio. Naziba mdomo kwa karatasi hii msiione midomo yangu, na naomba wazee waniambie nimesema nini. Paka. Taka. Kaka. Saka. Shaka. Chapa. Naona mzee pale anatikisa kichwa. Baba yangu, hukukosea. Maneno yote hayo yana irabu zilezile, a na a. Irabu ni sauti nene, zina nguvu, zinafika. Kinachotofautisha paka na shaka ni konsonanti, na konsonanti nyingi ni nyembamba tena dhaifu. Ndiyo maana wazee wengi hutuambia, "Nakusikia, ila sikuelewi." Sisi hudhani wanajitetea, kumbe wanatueleza hali yao barabara kuliko kipimo chochote. Irabu zinawafikia, konsonanti zinapotelea njiani. Na kwa kuwa Kiswahili kila silabi yake karibu huishia na irabu, mtu anaweza kukaa kwenye mazungumzo saa nzima akisikia mwendo wote wa lugha, kupanda na kushuka kwake, asipate hata sentensi moja iliyo kamili.

Kwa nini nyembamba ndizo hutangulia kupotea? Sauti ni hewa inayotikisika. Inaingia tunduni, inagonga ngoma ya sikio, ngoma inavitikisa vifupa vitatu vilivyo vidogo kuliko vyote mwilini, navyo vinaupeleka mtikisiko kwenye kijumba chenye maji kilichojisokota kama konokono. Humo tumezaliwa na seli zenye vinyweleo zipatazo 15,000 kwa kila sikio. Zimejipanga kama vitufe vya kinanda cha taarabu: zinazopokea sauti nyembamba ziko mlangoni, zinazopokea sauti nene ziko ndani kabisa. Zile za mlangoni ndizo huchakaa kwanza. Na kwa binadamu, seli hiyo ikifa haioti nyingine. Kuku wanaziotesha upya, sisi hatuwezi.

Zinauawa na umri. Zinauawa na kelele, na hapa nawatazama vijana wenye spika za harusi na mafundi wa kuchomelea wasiovaa kinga. Zinauawa na homa ya uti wa mgongo. Zipo dawa pia, kama gentamicin, na sindano zilizokuwa zikitumika sana kwa kifua kikuu sugu, kama kanamycin. Sisemi mtu aache dawa alizoandikiwa, dawa hizo zimeokoa maisha. Nasema mgonjwa anayezitumia apimwe masikio wakati wa matibabu, na akianza kusikia mlio kichwani amwambie daktari siku hiyohiyo.

Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti yake kuu ya usikivu mwaka 2021. Watu zaidi ya bilioni 1.5 duniani wana upungufu wa usikivu wa kiasi fulani, na kati yao milioni 430 hivi wanahitaji huduma. Karibu wanane kati ya kila kumi wa hao milioni 430 wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani kwetu. Na kati ya wote ambao shimesikio ingewasaidia, wanaoitumia hawafiki hata mmoja kwa watano.

Nimelitaja neno shimesikio. Walimu wa elimu maalumu wanalifahamu, wengine mmezoea kusema kifaa cha kusaidia kusikia. Mimi nalipenda hili la kwanza, kwa sababu shime ni wito wa kuhimizana, na mtu huambiwa shime awapo kazini. Kifaa hiki hakichukui nafasi ya sikio. Kinalishika mkono katika kazi yake.

Hii hapa mkononi mwangu. Ina uzito wa gramu chache, na hukaa nyuma ya sikio. Kabla yake watu walitumia pembe, wakaja na mashine za umeme, kisha vifaa vya transista kuanzia mwishoni mwa 1952. Mwaka 1996 makampuni mawili ya Denmark, Widex na Oticon, yakaleta shimesikio za kuvaa sikioni zilizokuwa za kidijitali kabisa. Hapo ndipo mambo yalipobadilika, na ningependa muelewe kilichobadilika ni nini hasa, kwa sababu asiyelielewa jambo hili ataibiwa dukani.

Vifaa vya zamani kabisa vilikuwa vipaza sauti tu. Vilipaza kila kitu: sauti ya mjukuu, sufuria, pikipiki, upepo. Ya kidijitali ni kompyuta. Maikrofoni inapokea sauti, kisha sauti inageuzwa kuwa namba. Kila sekunde kifaa kinaichungulia ile sauti mara 16,000 au zaidi, na kila mara kinaandika tarakimu. Sauti ikishakuwa tarakimu, inaweza kufanyiwa hesabu. Kompyuta inaichekecha kama mama achekechavyo unga, inaitenga nene mbali na nyembamba, katika mafungu mengi. Kisha inauliza: huyu aliyenivaa amepungukiwa wapi? Kama sauti nene anazipata vizuri, inaziacha zilivyo. Kama nyembamba zimepotea, inaziongeza hizo. Ikimaliza inazirudisha tarakimu kuwa sauti na kuipeleka sikioni kwa kispika kidogo sana. Safari yote hiyo huchukua chini ya milisekunde 10. Mjukuu hajafunga mdomo, bibi ameshasikia.

Kifaa kinajuaje mtu amepungukiwa wapi? Kinaambiwa. Ndiyo maana tunapima kwanza. Unakaa mahali pasipo kelele, unavaa vidude vya masikioni, unasikilizishwa milio kuanzia mizito ya hezi 250, yaani mitikisiko 250 kwa sekunde, hadi myembamba ya hezi 8,000, na kila unaposikia hata kidogo sana unainua mkono. Tunachora mstari unaoitwa audiogramu. Mstari huo ndio ramani ya sikio lako, haufanani kamwe na wa jirani, na mara nyingi sikio lako la kulia halifanani na la kushoto. Shimesikio inaunganishwa na kompyuta yetu na kupangwa kufuata ramani hiyo. Kwa hiyo, wazee wangu, shimesikio ya marehemu kaka yako, hata kama bado nzima, imepangwa kwa sikio lake yeye. Usiivae kama koti la urithi. Ilete ipangwe upya, kama nguvu yake inakufaa.

Liko jambo la pili ambalo kwangu mimi ndilo kubwa kuliko yote. Sikio lililochakaa lina tabia ya ajabu: mnong'ono halisikii kabisa, lakini ukipiga kelele linaumia kama sikio zima, au zaidi. Mnamwambia babu "Karibu chai" hasikii. Mnapaza sauti kidogo, hasikii. Mnapiga ukelele, anaruka na kusema, "Mbona mnanifokea?" Nafasi iliyobaki kati ya asichosikia na kinachomuumiza imekuwa nyembamba. Shimesikio ya kidijitali inazibana sauti zikae ndani ya nafasi hiyo. Mnong'ono wa desibeli 30, desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti, unaongezwa sana. Mazungumzo ya desibeli 60 yanaongezwa kiasi. Honi ya lori haiongezwi, au inazuiwa. Na yote hayo yanafanyika yenyewe, bila mtu kugusa kitufe.

Nayo ina maikrofoni mbili, zimeachana kama upana wa kidole. Sauti inayotoka mbele inaifikia ya mbele kwanza, inayotoka nyuma inaifikia ya nyuma kwanza. Kifaa kinalinganisha tofauti hiyo ndogo mno ya muda, kisha kinaipunguza sauti ya nyuma ili umsikie unayemtazama. Kelele isiyobadilika, kama ya feni au jenereta, kinaitambua, kwa sababu maneno ya watu hupanda na kushuka na kelele ile haipandi wala haishuki, basi kinaipunguza. Na ule mluzi mliouzoea kwenye vifaa vya zamani, sauti ikitoka kwenye kispika na kurudi kwenye maikrofoni, kifaa cha sasa hutengeneza sauti ya kuupinga ukanyamaza. Kikiendelea kupiga mluzi hata hivyo, mara nyingi hakijakaa vizuri sikioni, au tundu limejaa nta.

Sasa nirudi kwa mama yangu, kwa sababu sikumpatia haya mara moja. Mimi nilisitasita, nikijipa sababu. Ndugu yetu mmoja akanitangulia kwa upendo, akamnunulia kifaa cha bei nafuu kwenye duka moja mjini. Hakupimwa, hakupangiwa chochote. Kilikuwa kipaza sauti kilichotengenezwa kifanane na shimesikio. Mama alikivaa siku tatu. Alisema kila mlango ukifungwa anahisi kama amepigwa kofi. Akakiweka ndani ya kopo la vifungo, akafunga, na kwa miaka miwili hakutaka kusikia habari ya kifaa kingine chochote. Miaka miwili, ndugu zangu. Ndiyo bei halisi ya kile kifaa cha bei nafuu.

Wapo wenye watoto ng'ambo watakaoniuliza kuhusu vifaa vya Marekani. Ni kweli, tangu Oktoba 2022 Marekani imeruhusu watu wazima wenye upungufu mdogo au wa wastani wanunue shimesikio dukani bila cheti cha mtaalamu. Hizo ni shimesikio halali zenye masharti ya ubora, na nyingi mvaaji anazipanga mwenyewe kwa simu. Mwanao akikuletea moja, usiitupe. Lakini si za watoto, wala si za mwenye upungufu mkubwa. Na kabla ya kuvaa chochote, masikio yaangaliwe. Nimewaona wazee walioitwa viziwi kwa miaka, tukatoa nta, wakasikia. Nimewaona wenye usaha, ambao dawa ndiyo ilikuwa haja yao. Na mtu akipoteza usikivu ghafla, leo anasikia na kesho hasikii, hiyo ni dharura. Aende hospitali siku hiyo, asingoje kambi ya kupima kama hii.

Hatimaye mama alikubali kupimwa. Alimkubali mwenzangu, mimi alikuwa amenichoka. Akapangiwa shimesikio mbili. Mbili, kwa sababu ubongo unajua sauti inatoka wapi kwa kulinganisha masikio mawili, na mwenye sikio moja linalofanya kazi anaisikia bodaboda ila hajui arukie upande gani.

Siku ya kwanza alikasirika. Sauti yake mwenyewe ilimchukiza, alisema anaongea kama aliye ndani ya mtungi. Aliniuliza ni nini kinachokwaruza kila anapotembea. Ilikuwa kanga yake, ikisuguana. Alikuwa hajaisikia kanga yake kwa miaka sijui mingapi. Hii ndiyo sehemu ambayo watu wengi hukata tamaa, na nawasihi msikate. Ubongo uliokaa kimya muda mrefu umesahau kupuuza vitu vidogo. Anza na saa mbili au tatu kwa siku, nyumbani, na mtu mmoja mbele yako. Ongeza kidogo kidogo. Baada ya wiki chache kanga inanyamaza yenyewe, maneno yanabaki. Na urudi kwetu turekebishe. Kifaa kinachopangwa mara moja tu na kuachwa kimepangwa nusu.

Nisiwadanganye juu ya mipaka yake. Haiziponyi seli zilizokufa. Katika harusi yenye spika sita hata mimi mwenye masikio mazima sisikii, na mvaaji atapata tabu zaidi. Kwa asiyesikia kabisa, inaweza isimsaidie. Kuna upandikizaji wa kifaa ndani ya sikio, ambao Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kuufanya mwaka 2017, na iko lugha ya alama, ambayo ni lugha kamili, haimpunguzii mtu chochote. Kiziwi anayetumia mikono yake si mgonjwa anayengoja kutibiwa na mimi.

Lakini faida zake ni kubwa. Mtu huacha kujitenga. Uchovu ule wa jioni, wa kubahatisha maneno kutwa, hupungua. Watafiti pia wameangalia habari ya kusahau uzeeni. Mwaka 2023 jarida la tiba la Lancet lilichapisha utafiti wa Marekani uliowafuata wazee 977 wa miaka 70 hadi 84 kwa miaka mitatu. Kwa wote kwa pamoja, shimesikio hazikuonyesha tofauti ya wazi. Kwa kundi lililokuwa katika hatari zaidi, kupungua kwa uwezo wa akili kwa waliopewa shimesikio kulienda taratibu kwa asilimia 48 kuliko kwa wasiopewa. Nimewaambia pande zote mbili kusudi, kwa sababu wapo wauzaji watakaowaambia upande mmoja tu.

Kwa mtoto, muda ni mkali zaidi. Kanuni tunayofuata ni moja, tatu, sita: apimwe kabla ya mwezi mmoja, matatizo yathibitishwe kabla ya miezi mitatu, asaidiwe kabla ya miezi sita. Huko kwetu wengi hutufikia wana miaka minne, wameshaitwa wakaidi. Mwalimu, mtoto asiyeitika ukimpa mgongo, anayekutazama mdomo, anayeanza kazi baada ya kuchungulia ya mwenzake, mlete apimwe kabla hujamwadhibu.

La mwisho ni matunzo, na hapa Pwani lina uzito wake. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, na jasho halina adabu. Usiku vua, futa kwa kitambaa kikavu, fungua kifuniko cha betri, weka kifaa kwenye kopo linalofunga vizuri lenye vile vipakiti vya kukaushia vinavyokuja na viatu vipya. Usioshe kwa maji wala spiriti. Usivae bafuni, usiogelee nacho. Betri nyingi ni za zinki na hewa: zina kikaratasi cha rangi, kahawia kwa namba 312, chungwa kwa 13, buluu kwa 675. Ukikibandua hewa inaingia na betri inaanza kazi, ingoje dakika moja kabla ya kuiweka. Ukikirudisha hakizuii kuisha, kwa hiyo usibandue betri zote kwa kuwa tu umefurahi. Na ziwekeni mbali na watoto. Mtoto akimeza betri, mkimbizeni hospitali.

Wiki iliyopita nilimpigia mama nikamwambia tarehe 3 sitakuja, nina shughuli ya watu wa masikio. Akanijibu, "Nimesikia, hutakuja. Basi nani atakula pweza wangu?" Nikasema nitakuja Jumapili. Akanitaka nirudie, nikarudia, naye akarudia baada yangu, siku na saa.

Meza za kupimia ziko chumba cha pili kushoto, palipo kimya. Watoto wataanza, kisha wazee kwa namba zenu. Anayevaa shimesikio inayomsumbua aje nayo kwenye meza yangu, hata kama ilikuwa ndani ya kopo la vifungo. Asanteni sana kwa kunisikiliza.